Sidii ya Apgredi: Chupa Tupu Iko Wapi?

Wiki hii nimeletewa swali kutoka Mkongo, wilayani Rufiji. Mwulizaji ni mama mwenye kibanda cha steshenari. Anatoa fotokopi, anachapa barua, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana hupanga foleni mlangoni kwake wajaziwe fomu kwenye mtandao. Sasa diski ngumu ya kompyuta yake imekufa. Amenunua nyingine, lakini ni tupu kama gunia lililokung'utwa.

Anayo sidii yake halali ya Windows 7, ndani ya boksi lake, aliyoletewa zamani na nduguye. (Kwa haki ni dividii, lakini mafundi wetu huita zote sidii, nami nitafuata lugha yao.) Boksi limeandikwa kwamba sidii hiyo ni ya apgredi, yaani ya kupandisha mfumo wa zamani uwe mpya. Fundi amemwambia kuwa sidii ya namna hiyo haiwezi kupiga windo kwenye diski tupu, aitupe, atoe fedha awekewe ile ya fundi mwenyewe.

Nasema waziwazi: fundi huyo hakusema kweli, na ushauri wake una hatari.

Tuanze na maana ya apgredi. Wote tunajua habari ya soda za chupa. Ukienda dukani na chupa tupu, unalipia soda tu. Ukienda mikono mitupu, utalipia na chupa. Windows 7 ilipoanza kuuzwa tarehe 22 Oktoba 2009, toleo la nyumbani liitwalo Home Premium liliuzwa Marekani kwa dola 199.99 likiwa kamili, na dola 119.99 likiwa la apgredi. Zile dola 80 za tofauti ndizo bei ya chupa. Mnunuzi wa apgredi anahesabiwa kuwa tayari anayo Windows ya zamani aliyoilipia.

Muuzaji basi atajuaje kama chupa unayo? Hapo ndipo mambo yalipobadilika mara kwa mara. Windows 95 ya apgredi, iliyotoka Agosti 1995, ukiiweka kwenye diski tupu ilikuomba uonyeshe ushahidi: uliingiza disketi ya Windows ya zamani, ikainusa, ikaridhika, kazi ikaendelea. Windows XP ya mwaka 2001 nayo ilikuwa hivyo hivyo; ulitoa sidii yake kwa muda, ukaweka ya Windows 98, kisha ukairudisha. Ulikuwa utaratibu wa kiungwana. Lakini ilipokuja Vista mwaka 2007, mlango huo ulifungwa. Mfumo haukutaka tena kuona sidii ya zamani; ulitaka kuukuta mfumo wa zamani ukiwa hai ndani ya mashine. Windows 7 ikarithi tabia hiyo. Waliotunga sheria hiyo sidhani kama walimfikiria mtu ambaye diski yake imekufa kabisa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni hili: sidii ya apgredi ya Windows 7 ina mfumo mzima, haikupunguzwa chochote. Tofauti imo katika ufunguo, zile herufi na tarakimu 25. Hata waliotoka Windows XP kwenda 7 hawakuweza kupanda moja kwa moja. Kampuni yenyewe iliwataka wachague njia ya kuweka mfumo upya. Kwa hiyo kuweka upya kwa sidii ya apgredi si uchawi wala wizi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ndani ya boksi mna sidii mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Kompyuta yenye kumbukumbu chini ya gigabaiti 4 itumie ile ya 32. Washa mashine ianzie kwenye sidii, kisha uchague "Custom". Kama diski si tupu, jihadhari, maana ukifuta sehemu zake hakuna kinachorudi. Nakili nyaraka kwanza. Utakapoulizwa ufunguo, acha nafasi wazi, na uondoe alama ya kukubali uanzishaji wa moja kwa moja kwenye mtandao. Endelea hadi mwisho. Windows itakaa, na itakupa siku 30.

Mfumo ukishakaa, ingiza ufunguo wako. Mara nyingine hukubali hapo hapo. Ukikataa kwa kosa namba 0xC004F061, maana yake unaambiwa ufunguo huu ni wa kupandisha tu. Usikate tamaa. Njia ndefu lakini rahisi ni kuirudisha sidii ile ile ukiwa ndani ya Windows uliyoiweka sasa hivi, uchague "Upgrade", na safari hii uandike ufunguo. Mfumo unajikuta wenyewe, unajihesabu kuwa ndio chupa. Nakiri jambo hili hunichekesha, lakini hufanya kazi.

Njia fupi ni ya mwenye mkono mtulivu, na redioni sikuweza kuisoma yote, gazeti linasaidia. Fungua "regedit", fuata HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Setup, OOBE. Utakuta MediaBootInstall ikiwa na thamani 1. Ibadilishe iwe 0. Kisha fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika slmgr /rearm, uzime na kuwasha. Sasa ingiza ufunguo.

Haya yote ni halali kwa mwenye chupa. Tazama ubavuni au chini ya kompyuta: mashine nyingi zilizotumika, ambazo huletwa kwetu kutoka nje, zina kibandiko cha XP au Vista chenye ufunguo wake. Hicho ndicho chupa yako, na kwa kawaida ni mali ya mashine hiyo tu. Huwezi kukibandua ukahamishia nyingine. Mama wa Mkongo anacho cha Vista. Hadaiwi na mtu.

Na ile windo ya fundi? Mara nyingi hiyo ni nakala iliyovunjwa kufuli. Aliyeivunja hakufanya kazi ya sadaka, na nakala za namna hiyo zimezoeleka kubeba programu za kunasa maneno ya siri. Fikiria kompyuta ya steshenari: namba za NIDA za watu, vyeti vya kuzaliwa, maneno ya siri ya vijana wanaosubiri mkopo. Kuiweka nakala hiyo pale ni kuacha kabati la mtaa mzima bila kufuli.

Lakini ipo habari nyingine ambayo mama lazima aisikie. Windows 7 iliacha kupata matengenezo ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake mwaka 2023. Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine za umri huo hazina. Kwa fomu za mtandaoni, ushauri wangu ni Linux, ambayo ni bure na haiulizi chupa. Wala si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004. Diski ikitosha, iwekwe Windows 7 kwanza, ya kuchapa na kutoa nakala bila mtandao, kisha Linux kando yake.

Kabla hajaanza, atafute dereva za printa na za kadi ya mtandao, aziweke kwenye fleshi. Windows 7 ikikaa kwenye diski tupu huweza kushindwa kuitambua kadi ya mtandao, na kutoka Mkongo kwenda Kibiti kufuata faili moja ni nauli ya kwenda na kurudi.