Sega Jipya, Taa Ileile

Fundi anakata sega la zamani la ekzosi, anachomelea jipya, anaifuta taa ya cheki injini kwa mashine, na gari linatoka gereji dashibodi ikiwa haina doa. Siku chache baadaye taa inawaka tena, na mashine inasoma namba ileile ya hitilafu, P0420. Hapo lawama huanza. Mwenye gari anadai ameuziwa feki, fundi anaishuku sensa, muuza spea anasema kompyuta ya gari ina matatizo. Ukweli ni kwamba mara nyingi taa hiyo haikosei. Ila inachokipima ni jambo moja dogo, tofauti na lile ambalo wengi wanadhani inalipima, na asiyelifahamu anaweza kubadilisha spea mbili tatu bila kuizima.

Ndani ya sega, kile kikopo cha chuma, mna kauri yenye vijitundu vingi, iliyopakwa platini, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hugeuza kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na nitrojeni. Kompyuta ya gari haina kifaa cha kupima gesi hizo moja moja. Inategemea sensa za oksijeni, moja kabla ya sega na nyingine baada yake. Injini ya petroli inapofanya kazi, kompyuta huuyumbisha mchanganyiko kidogo, mara petroli izidi, mara hewa izidi. Kauri ile ina pia oksidi ya seriamu, ambayo huchukua oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Ni kama tangi la maji kwenye mtaa wenye mgao: bomba la barabarani linakatika na kurudi, lakini la jikoni linatoa maji mfululizo. Tangi likiwa dogo, kila mgao unaonekana jikoni. Kwa hiyo sensa ya nyuma ikitulia, kwa kawaida kwenye volti 0.6 hadi 0.8 injini ikiwa imepata moto, kompyuta inalihesabu sega kuwa zima. Ikianza kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kwa haraka, ikifuata mayumbo ya mbele, kompyuta inaandika P0420. Kwa maneno mengine, taa haipimi moshi. Inapima akiba ya oksijeni.

Ndiyo maana jibu la kwamba "sega ni jipya, haliwezi kuwa bovu" halitoshi. Sega linaweza kuwa jipya, likasafisha moshi kwa kiasi fulani, na bado likawa na akiba ndogo kuliko ile ambayo kompyuta ilipangiwa kuitarajia kutoka kwa sega la kiwandani. Historia ya Marekani inalionyesha hili vizuri. Mwaka 1986 shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, liliweka masharti ya masega ya kubadilishia: yapunguze petroli isiyoungua na kaboni monoksidi kwa asilimia 70, na oksidi za nitrojeni kwa asilimia 30, kwa umbali wa maili 25,000, yaani takriban kilomita 40,000. Mfumo wa OBD-II, unaolikagua sega kwa sensa ya pili, ulikuja kuwa lazima kwa magari ya petroli ya modeli ya 1996. Kipimo cha spea kilitangulia kipimo cha kompyuta kwa miaka kumi, na hakikutungwa ili kuiridhisha kompyuta hiyo. California ililiona pengo hilo, na tangu 2009 inataka sega jipya la kubadilishia lithibitishwe kuwa linaelewana na OBD-II, likiwa na namba ya kibali iliyogongwa kwenye chuma chake.

Bei ya madini inaeleza yaliyobaki. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei nafuu ana njia ya wazi ya kupunguza gharama, nayo ni kupaka madini kidogo. Macho ya mnunuzi wa Kariakoo au Kirinyaga Road hayawezi kugundua, kwa sababu kikopo kinang'aa vilevile.

Je, sensa haiwezi kuwa ndiyo mbovu? Inaweza, lakini kwa P0420 shutuma hiyo mara nyingi imegeuzwa kichwa chini. Sensa iliyochoka huwa nzito, na sensa nzito ya nyuma huchora mstari uliotulia. Itaficha sega bovu badala ya kulisingizia zima. Mtuhumiwa wa kuaminika zaidi ni mshono wa kuchomelea. Moshi hutoka kwenye injini kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo tundu dogo kabla ya sensa linaweza kuvuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, na hesabu nzima inavurugika. Kuziba tundu hilo ni kazi ya dakika chache, na ifanyike kabla ya kununua chochote.

Swali zito zaidi ni nini kilichoua sega la kwanza. Kwa kawaida sega huuawa na injini. Gari linapomisi, petroli isiyoungua huingia kwenye sega na kuungua humo, hadi kauri ikayeyuka. Taa inayowaka na kuzima kwa mfululizo ni onyo la hatari hiyo. Injini inayokula oili hupeleka fosforasi na zinki kwenye kauri na kuifunika kidogo kidogo. Ukifunga sega jipya, hata la asili, kwenye gari lenye plagi mbovu au pistoni zinazopitisha oili, umelipeleka kwenye kifo kilekile.

Kuchelewa kwa taa nako kunawapotosha watu. Kwa kawaida kompyuta huwasha taa baada ya ukaguzi kushindwa katika safari mbili mfululizo, na magari mengi hufanya ukaguzi huo injini ikiwa na moto na mwendo ukiwa tulivu. Gari linaloshinda kwenye foleni za Dar es Salaam linaweza kukaa siku nyingi bila kukaguliwa, kisha taa ikawaka njiani kuelekea Morogoro. Taa iliyozimwa kwa mashine haithibitishi kwamba kazi imekamilika.

Wapo watakaosema: sega la asili ni ghali mno, heri kulitoa kabisa au kuisogeza sensa ya nyuma kwa kipande cha chuma ili isome kidogo. Hoja ya bei ni ya kweli. Lakini kulitoa kunaacha kaboni monoksidi itoke mtaani bila kuguswa, na kwa gari lenye sensa ya nyuma taa itabaki ikiwaka. Kuidanganya sensa kunaondoa shahidi na kuacha kosa. Tena taa hiyo ni moja kwa hitilafu nyingi sana. Mwenye gari aliyezoea kuiona ikiwaka hatajua siku itakapowaka kwa ajili ya jambo litakaloharibu injini.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni utaratibu. Kwanza mashine isomwe kwa mchoro wa volti za sensa ya nyuma, si kwa namba ya hitilafu peke yake. Kisha ekzosi ikaguliwe kama inavuja, na injini ichunguzwe kama inamisi au inakula oili. Baada ya hapo tu ndipo sega linunuliwe, kwa sharti lililoandikwa kwenye risiti kwamba linafaa injini hiyo yenye OBD-II, na kwamba P0420 ikirudi ndani ya muda wa dhamana, ekzosi ikiwa haivuji na injini ikiwa nzima, litabadilishwa. Muuzaji anayekataa kuliandika sharti hilo amekwisha kukueleza kiasi cha madini kilichomo.