Kuhakiki Majaribio ya Mifumo ya Mafaili

Mwishoni mwa muhula mmoja, mwenzetu aliyekuwa akisimamia mazoezi ya kufundisha alituletea flashi iliyokuwa na alama za wanafunzi wa madarasa matatu. Ilikuwa imechomolewa kompyuta ikiwa bado inaandika. Jina la folda lilionekana, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Tulipoendesha programu ya kurekebisha diski, ilitangaza kuwa kazi imekwisha na diski ni nzima, ikatuachia folda iitwayo FOUND.000 yenye vipande vilivyopewa majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Alama zilikuwamo humo, ila hapakuwa na kipande kilichojua kuwa ni cha darasa lipi. Darasa moja lililazimika kufanya mtihani wake upya. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: huyu anayetangaza kuwa diski ni nzima, yeye alitahiniwa na nani?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe lamhusu mwanachuo kuliko anavyoweza kudhani, maana linarudi kwenye kazi anayofunzwa kila siku, yaani kutunga mtihani na kuuhakiki kabla haujawafikia wanafunzi.

Yafaa kwanza tueleze kilichoharibika. Ndani ya diski mna vitu vya namna mbili. Kuna yale tuliyoyaandika wenyewe, kama vile alama, barua na picha. Na kuna maelezo ambayo kompyuta hujiandikia ili iweze kuyapata. Haya ya pili ndiyo huitwa metadata. Maktaba ya chuo ina vitabu rafuni na ina kadi za katalogi katika masanduku yake. Kadi ikipotea, kitabu hakikuungua, lakini kwa msomaji ni kama hakipo. Kadi mbili zikielekeza mahali pamoja, mmoja kati ya wasomaji wawili atapewa kitabu kisicho chake.

Programu inayotunza vitabu na kadi hizo huitwa mfumo wa mafaili. Katika mfumo uitwao ext4, ambao hutumika sana katika kompyuta zenye Linux, kila faili lina kadi yake iitwayo inodi. Humo huandikwa ukubwa wa faili, mwenyewe, tarehe zake, na bloku za diski zilikohifadhiwa habari zake. Jina la faili halimo katika inodi. Limo katika saraka, ambayo ni orodha ya majina na namba za inodi. Juu ya vyote ipo bloku kuu, inayoanza baiti 1024 kutoka mwanzo wa eneo la diski, nayo hubeba namba ya utambulisho 0xEF53 pamoja na hesabu za mfumo mzima. Nakala za bloku kuu huwekwa mahali pengine katika diski, kama vile mwalimu mkuu mwangalifu anavyoweka nakala ya orodha ya wanafunzi nje ya ofisi yake.

Basi umeme ukikatika, au diski ikichakaa, kadi hizo huweza kupingana. Mafaili mawili hudai bloku ile ile moja. Saraka hutaja inodi ambayo ni tupu. Inodi husema kuwa majina matatu yanaielekea, kumbe yapo mawili. Mwalimu wa darasa ameyaona mambo ya jinsi hii katika daftari lake la mahudhurio: wanafunzi wawili wenye namba moja ya usajili, au jumla ya chini isiyolingana na majina ya juu. Tofauti ni kwamba mwalimu hukunja uso akasita. Kompyuta isiyofunzwa huendelea kuandika juu ya kosa hadi iharibu na kile kilichokuwa kizima.

Kwa mfumo wa ext4 na ndugu zake wa zamani, programu ya kurekebisha ni e2fsck. Watunzi wake, wakiongozwa na Theodore Ts'o, wameiwekea mamia ya majaribio yanayojiendesha, na mpango wake wapendeza kwa wepesi. Kila jaribio la urekebishaji ni folda ndogo yenye vitu vinne: jina la jaribio, picha ya diski iliyoharibiwa kwa makusudi, na majibu mawili yanayotarajiwa. Programu hupewa diski hiyo mbovu, huirekebisha, na kila neno iliyolisema hulinganishwa na jibu la kwanza. Kisha diski ile ile hupewa programu mara ya pili, na maneno yake hulinganishwa na jibu la pili. Mara ya kwanza, kwa kawaida programu humaliza kwa namba 1, maana yake nimekuta makosa nikayarekebisha. Mara ya pili yapasa imalize kwa namba 0, yaani sikukuta kosa.

Twaomba mwanachuo atue hapa kidogo. Ile mara ya pili ina thamani kubwa kuliko ya kwanza. Mtoto akiandika kuwa amesahihisha insha yake, hatujui bado kama ameisahihisha. Twajua tunapoisoma tena. Programu inayosema nimerekebisha, kisha ikarudi ikakuta makosa mengine iliyoyaacha au iliyoyazaa yenyewe, haikurekebisha. Hata hivyo, mara ya pili haitoshi. Programu inaweza kuifanya diski iwe safi kwa kufuta kila kitu chenye shaka. Darasa lililofukuza wanafunzi wote wenye utata nalo lina daftari safi. Ndiyo maana mhakiki huuliza pia: mafaili yaliyokuwa mazima kabla ya urekebishaji, je, yangalipo, na yaliyomo ndani yake ni yale yale? Flashi yetu ilikuwa safi kabisa kwa kipimo cha programu iliyoirekebisha.

Sasa tuingie katika uhakiki wenyewe. Mtu ametunga jaribio jipya na kulileta kwa wenzake. Mhakiki huanzia wapi? Wengi huanza kwa kusoma kama limeandikwa vizuri. Sisi twaona kuwa swali la kwanza lapasa kuwa hili: je, jaribio hili laweza kushindwa? Huchukuliwa programu ya zamani, kabla kosa lake halijaondolewa, ikapewa jaribio jipya. Ikifaulu, jaribio halipimi kitu, hata likiandikwa kwa ufasaha namna gani. Ni sawa na swali ambalo mwanafunzi asiyehudhuria kipindi hata kimoja hulipata.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, limeshindwa, au limefaulu, kwa sababu yake yenyewe? Hapa ndipo penye utajiri wa somo. Mnamo mwaka 2012 ext4 iliongezewa namba za ukaguzi kwa metadata yake. Kila inodi na kila bloku ya saraka huambatishwa namba iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yakibadilika bila namba kubadilika, kasoro hujulikana papo hapo. Jambo jema, lakini limewaletea watunga majaribio mtego. Tuseme mtunzi anataka kujua kama mfumo utakataa inodi inayodai ukubwa usiowezekana. Anabadili ukubwa huo katika diski, anaendesha jaribio, mfumo unakataa, naye anafurahi. Kumbe mfumo haukufika hata kuutazama ukubwa. Ulikataa mlangoni kwa kuwa namba ya ukaguzi haikulingana. Mlinzi wa pili, yule aliyekusudiwa kupimwa, alikuwa amelala na hakuna aliyejua.

Watunzi wa mfumo mwingine uitwao XFS waliliona jambo hili wakalifanyia njia. Chombo chao cha kuchungulia diski, xfs_db, chaweza kuandika upotovu kwa namna mbili: kuuandika bila kukokotoa upya namba ya ukaguzi, ili apimwe mlinzi wa kwanza, au kuuandika na kuikokotoa upya, ili upotovu upite mlango wa kwanza ukiwa na hati halali na apimwe mlinzi wa pili. Majibu ya Linux nayo hutofautiana. Katika kompyuta nyingi za kawaida, kosa namba 74 hutolewa namba ya ukaguzi inapokosea, na kosa namba 117 hutolewa muundo wenyewe unapokuwa na kasoro. Jaribio linalouliza tu kama kuna kosa lolote lililotokea limezitupa habari hizo. Mhakiki mwema hulirudisha.

Iko mitego mingine ambayo tutaitaja kwa ufupi. Mifumo mingi huwa na shajara, ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kupelekwa mahali pake. Mtunzi akiharibu diski ambayo shajara yake haijatekelezwa, shajara huweza kuandika nakala nzima juu ya upotovu wake, na jaribio likapima diski isiyo na kasoro. Pia kompyuta hukumbuka yale iliyoyasoma karibuni. Isipoondolewa kumbukumbu hiyo, husoma inodi nzima kutoka kichwani mwake na si ile mbovu iliyo diskini. Na wapo wanaoharibu diski kwa kubahatisha, njia inayogundua makosa ambayo hakuna mtu angeyawaza. Lakini wasipoandika namba iliyoanzisha bahati hiyo, kosa likitokea leo kesho haliwezi kurudiwa.

Lipo swali moja ambalo uhakiki wa jaribio moja moja hauwezi kulimaliza: mfumo ukikutana na upotovu, jibu sahihi ni lipi? Kukataa kufungua? Kufungua kwa kusoma tu? Kuzima kompyuta nzima? Ext4 humwachia msimamizi achague kati ya kuendelea, kusoma tu, na kusimama kabisa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa mifumo ya ext3, ReiserFS, JFS na NTFS, wakaonyesha kuwa mara nyingi mfumo ule ule mmoja hushughulikia makosa yanayofanana kwa njia zisizolingana. Hapa lawama si ya msimbaji peke yake. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa haujaandikwa, na kila mtahini alitoa alama kwa rai yake.

Mwanachuo atakayefundisha TEHAMA aweza kuyaleta haya darasani bila kompyuta hata moja. Sisi tulitumia kadi ishirini za manila, kila moja ikiwa na jina la mwanafunzi, namba yake na dawati lake, pamoja na orodha moja ya darasa yenye jumla chini. Kundi la kwanza liliharibu kadi moja kwa siri na kuandika katika bahasha ni kosa gani lipasalo kuonekana. Kundi la pili lilipewa kadi na orodha bila bahasha, likatakiwa kurekebisha. Kundi la tatu lilikuwa la wahakiki: halikurekebisha kitu, ila lilisoma bahasha na kuamua kama zoezi lilipima lilichodai kupima. Kipindi cha dakika arobaini hakikutosha; twashauri vipindi viwili vinavyofuatana.

Katika mzunguko wa kwanza kundi la pili lilitangaza kuwa kadi zote ni sahihi, na darasa likawacheka. Wahakiki ndio waliowatetea. Walionyesha kuwa kundi la kwanza liliharibu kadi ya mwanafunzi aliyekwisha hama, ambaye jina lake halikuwamo tena katika orodha, na kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuisoma kadi hiyo.