Andaeni damu kabla ya mimba

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima. Unajua kwamba shamba halitayarishwi siku mvua inaponyesha. Jembe hunolewa mapema. Mbegu huchaguliwa mapema. Anayengoja mawingu ndipo atafute mbegu, huchelewa kupanda.

Lakini katika jambo la mimba, wengi wetu hungoja mawingu. Mama hukosa siku zake mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Tumbo likianza kuonekana ndipo nyumba husema, "Sasa tujiandae." Na huandaliwa nini? Kanga, beseni na nguo za mtoto. Hivyo ni vitu vizuri. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hakiuzwi dukani, wala hakipatikani kwa siku moja. Kitu hicho ni damu ya mama.

Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini. Mama akiwa mjamzito, mwili wake huongeza damu, kwa sababu sasa unalisha watu wawili. Huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida. Ili damu hiyo iwe nzuri, mwili unahitaji madini ya chuma, ambayo hutoka katika chakula. Fikiri juu ya ugali. Ukiongeza maji bila kuongeza unga, sufuria itajaa, lakini utapata uji. Ndivyo inavyokuwa damu ya mama aliyekosa madini ya chuma. Ni nyingi, lakini ni nyepesi.

Mama mwenye damu nyepesi huchoka upesi. Moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo. Huona kizunguzungu. Ukimtazama ndani ya kope, ulimi na viganja, utaona weupe. Watu husema, "Mimba hii inampenda kulala." Sivyo. Amepungukiwa damu.

Hatari yenyewe huja siku ya kujifungua. Kila mama anayezaa hutokwa na damu. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza nusu lita, yaani kiasi cha chupa moja ya bia, na akaamka salama. Mama aliyepungukiwa damu anaweza kufa kwa kiasi hicho hicho. Na damu ikitoka kwa wingi baada ya kuzaa, inaweza kumuua mama katika muda wa saa 2 tu. Sasa jiulize. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali yenye damu ya kuongezea wagonjwa ni mwendo wa saa ngapi? Na wakati wa masika, mto ukijaa, je?

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Lakini hao 104 nao walikuwa na nyumba zao na watoto wao.

Damu ya mama hupotelea wapi kabla hata ya mimba? Nyingine hutoka kila mwezi. Nyingine huharibiwa na malaria. Nyingine hunyonywa na minyoo ya safura. Minyoo hiyo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya miguu, mtu anapokanyaga udongo wenye kinyesi. Kwa hiyo choo na viatu ni ulinzi wa damu. Hilo bwana afya amelisema miaka mingi, nasi tulidhani anasema habari za kuharisha tu.

Damu nyingine hupotea kwa kuzaa haraka haraka. Mama amejifungua, ananyonyesha, na mtoto akiwa na miezi 8 mama ana mimba tena. Damu ya kwanza haijarudi na ya pili inadaiwa. Inafaa mtoto afikishe walau miaka 2 kabla mama hajachukua mimba nyingine. Na msichana ambaye hajafikia miaka 18 asizae. Mwili wake bado unakua, nao unahitaji damu hiyo hiyo.

Hapa nina neno na akina mama wanaokula udongo, ule unaouzwa sokoni na kuitwa pemba. Najua utamu wake, na sitawacheka. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Lakini udongo hauleti damu. Huzuia chakula kisitumike vizuri mwilini, na waweza kuwa na mayai ya minyoo. Ukiona hamu hiyo, nenda ukapimwe damu.

Basi bwana na bibi wanaotaka mtoto wafanye nini? Waende zahanati au kituo cha afya wote wawili, kabla ya mimba. Mama apimwe wingi wa damu. Wote wapimwe virusi vya UKIMWI na kaswende. Kama katika ukoo wa mmoja wao kuna ugonjwa wa selimundu, waseme, ili waelekezwe hospitali inayoupima. Mama mwenye kisukari, kifafa au shinikizo la damu aseme pia, maana baadhi ya dawa hubadilishwa kabla ya mimba. Kisha mama aombe vidonge vya foliki. Foliki husaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto kujengeka vizuri. Kazi hiyo hufanyika katika wiki 4 za kwanza, na wakati huo mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana vidonge hivyo vinatakiwa mapema.

Chakula cha damu si cha matajiri. Ni dagaa, maharage, kunde, choroko, mchicha, matembele na nyama inapopatikana. Kamulia limau juu ya mboga, au kula chungwa au embe pamoja na chakula. Hayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake. Usinywe chai pamoja na chakula, kunywa saa moja au mbili baadaye. Mahali pengine mjamzito hukatazwa kula mayai. Ayale, mradi yameiva vizuri. Na katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba. Sisemi baba asile. Nasema kuku akichinjwa, anayeandaa damu ya watu wawili naye apewe nyama, si mchuzi tu.

Mimba ikishaingia, mama aanze kliniki mara moja, kabla ya miezi 3 kutimia. Huko atapewa vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivi vina maneno mengi mitaani. Ni kweli hufanya choo kiwe cheusi. Hilo si ugonjwa. Vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula. Usiviache. Viweke juu, mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa. Baada ya miezi 3 ya mwanzo atapewa dawa ya minyoo, na dawa ya SP ya kukinga malaria ambayo hurudiwa kila mwezi. Alale ndani ya chandarua kila usiku.

Akipimwa damu, asirudi nyumbani bila kujua jibu. Tuchukue mfano. Mama mmoja amerudi kutoka kliniki.

"Mama Neema, wamesemaje?"

"Wamesema damu yangu ni 8, baba Neema."

"Nane ni nzuri?"

"Hapana. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa. Wameniongezea vidonge na nirudi baada ya mwezi."

Baba huyu sasa anajua namba. Ataelewa kwa nini mkewe asibebe ndoo 6 za maji, na kwa nini pesa ya pamba isiishie yote kilabuni.

Pesa hiyo iwekwe kidogo kidogo kwa ajili ya safari. Kaeni chini mpange nani atamsindikiza mama, nani atabaki na watoto, na ndugu gani wawili au watatu wenye afya watakuwa tayari kutoa damu hospitali ikihitaji. Tangu mwaka 2022 serikali ilianza kueneza mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Namba yake ni 115, na haikatwi pesa. Iandike kwa mkaa ukutani. Mama aliyepasuliwa zamani, mwenye pacha, au aliyewahi kutokwa damu nyingi, asingoje uchungu nyumbani. Aende mapema akae karibu na hospitali.

Kuzalia kwa mkunga mwenye mafunzo kuna faida moja kubwa kwa habari hii ya damu. Mtoto akitoka tu, mama huchomwa sindano inayoukaza mji wa mimba ili damu ikatike. Na kitovu hakikatwi mara moja. Mkunga husubiri dakika 1 hadi 3, ili damu iliyobaki katika kondo la nyuma imwendee mtoto. Kisha mtoto huwekwa kifuani pa mama anyonye kabla ya saa moja kupita. Kunyonya huko nako huukaza mji wa mimba. Yale maziwa ya kwanza ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa. Ni kinga ya mtoto. Anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala uji.

Mkifika nyumbani, anayemwangalia mama aulize habari ya damu bila haya. Vitambaa 2 au 3 vikilowa kabisa ndani ya nusu saa, hiyo ni dharura. Piga namba, toka nyumbani. Homa, maumivu makali ya kichwa au degedege ni hivyo hivyo. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto sana, au akipumua kwa shida, msingoje kuche.

Vidonge vya damu viendelee baada ya kuzaa, kwa muda atakaoelekezwa mama. Mtoto akifikisha wiki 6 anapelekwa kwa chanjo. Siku hiyo mama na baba waulize njia za kupanga uzazi. Na mama apimwe damu tena, aulize tena ni ngapi.