Kujenga Chekereni: Gharama ya nyumba huanzia ardhini

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KILA mwishoni mwa Desemba, barabara ziingiazo Moshi hujaa magari ya wenyeji wa Kilimanjaro wanaorejea nyumbani kwa sikukuu. Baada ya ibada na karamu hufuata vikao vya ukoo, na katika vikao hivyo swali moja hujirudia: kijana aliyepata kazi mjini ajenge wapi, na kwa fedha ipi?

Kwa vizazi vingi jibu lilikuwa jepesi. Alijenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa huko mlimani, alilogawiwa na baba yake. Lakini vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vingine haviwezi kukatwa tena. Ndiyo maana wengi sasa hutazama tambarare ya kusini mwa mji wa Moshi, yakiwamo maeneo ya Chekereni, ambako ardhi ni bapa na lori la mchanga hufika bila kupanda mlima.

Hata hivyo, tambarare si mlima. Anayechukua ramani ya nyumba ya mlimani na kuishusha Chekereni bila kubadili chochote anaweza kumaliza akiba yake yote, kisha akabaki na nyumba yenye nyufa, au kuta zilizoishia kwenye lenta kwa miaka kadhaa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokana na maamuzi yanayofanywa kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Ardhi ya mpunga na ardhi ya nyumba

Chekereni imo katika ukanda wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano wa Serikali za Tanzania na Japan na kukamilika mwaka 1987. Mradi huo, unaotegemea maji ya mito Njoro na Rau, ulipangwa kwa takriban hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilitengwa kwa ajili ya mpunga.

Maji hayo ndiyo yaliyoipa ardhi ya huko thamani yake, lakini kwa anayejenga ndiyo jambo la kwanza la kuchunguza. Ardhi nzuri kwa mpunga ni ile inayoshika maji. Ardhi nzuri kwa nyumba ni ile inayoyaachia.

Udongo wa kuogopwa zaidi ni mfinyanzi mweusi, ambao hutanuka unapolowa na kusinyaa unapokauka. Nyumba iliyosimama juu yake kwa msingi mfupi huinuliwa wakati wa masika na kushushwa wakati wa kiangazi. Dalili za mwanzo huonekana kwenye pembe za milango na madirisha, ambako nyufa huanza kwa mshazari, kisha hurefuka mwaka hadi mwaka hata zikizibwa kwa plasta.

Si kila kiwanja cha tambarare kina udongo huo, na njia ya kujua haina gharama kubwa. Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi achimbe shimo la kina cha mita 1.5 hadi 2 katika pembe mbili za kiwanja. Atazame udongo mweusi unaishia wapi, na kama maji yanajikusanya shimoni. Wakati wa kiangazi, mipasuko mipana juu ya ardhi ni onyo tosha. Aidha, ni busara kukitembelea kiwanja mwezi Aprili, masika inapokuwa imeshika kasi, na kuwauliza majirani maji yalifika wapi katika mvua za mwaka 2024, zilizoleta mafuriko na vifo katika maeneo mengi ya nchi.

Iwapo tabaka la udongo mweusi ni jembamba, hutolewa lote hadi kwenye udongo mgumu, kisha nafasi yake hujazwa moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Iwapo ni nene, kazi hiyo si ya kukisia. Humhitaji mhandisi atakayeamua kina cha msingi, nguzo na mkanda wa zege wenye nondo unaoufunga msingi wote. Ada ya mhandisi huonekana kubwa siku ya kulipa, lakini hailingani na gharama ya kubomoa ukuta uliopasuka.

Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kukubali bei. Kiwanja cha bei rahisi kinachodai msingi wa gharama mara mbili huenda kikawa ghali kuliko kile cha jirani kilichoonekana kuwa na bei ya juu.

Karatasi kabla ya koleo

Swali la pili ni la haki. Tangu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zilipoanza kutumika Mei 2001, anayenunua ardhi anapaswa kujua kwanza iwapo ni ardhi ya jumla au ya kijiji, maana taratibu zake hazifanani.

Katika ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haina uwezo wa kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya kiongozi mmoja kwenye karatasi ya mauziano, hata ikiwa na muhuri, haichukui nafasi ya mkutano huo. Anayenunua kutoka kwa mwanakijiji mwenye haki ya kimila, hasa akiwa mgeni kijijini, naye anapaswa kupata kibali cha halmashauri ya kijiji. Katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, ujenzi huhitaji kibali cha mamlaka husika, hivyo ni vyema kuuliza katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Moshi eneo husika limo kundi gani.

Yako pia maeneo ambayo hata muuzaji mwaminifu hana haki ya kuyauza kwa ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Reli nayo ina hifadhi yake, na wale waliodhani njia ya kwenda Moshi imekufa walikumbushwa Desemba 2019, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporejea baada ya miaka zaidi ya 20. Mifereji ya umwagiliaji isisahaulike: jaruba lililofukiwa kifusi halijawa kiwanja, na anayeziba mfereji hukaribisha maji ya jirani yake sebuleni mwake.

Jambo jingine huachwa kwa kuoneana haya, nalo ni la ndoa na urithi. Mlimani, kwa desturi, kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, na mume na mke wanaojenga kwenye kihamba cha baba wanaweza kutumia fedha zao wote wawili juu ya ardhi isiyo na jina la hata mmoja wao. Ndoa ikivunjika au mume akifariki, mke huwa na kazi ngumu ya kuthibitisha jasho lake. Kiwanja cha kununuliwa kinatoa nafasi ya kuandika majina yote mawili tangu mwanzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini ulinzi huo huwa na nguvu zaidi panapokuwa na maandishi.

Hesabu idadi, kisha shilingi

Bei za saruji na bati hubadilika, lakini idadi haibadiliki. Mwenye ramani anaweza kuhesabu mahitaji yake mwenyewe kabla ya kumsikiliza fundi.

Chukua mfano wa nyumba ya mita 10 kwa 9. Kuta za nje zina jumla ya mita 38. Tuseme kuta za ndani ni mita 30, hivyo jumla ni mita 68. Kwa kimo cha mita 3, hizo ni mita za mraba 204. Ukitoa takriban mita za mraba 30 za milango na madirisha, hubaki 174. Kila mita ya mraba huhitaji karibu matofali 10 ya saruji ya kawaida, pamoja na yatakayovunjika. Hivyo kuta hizo, bila kuhesabu msingi, zitahitaji matofali yapatayo 1,740.

Mfuko wa kilo 50 wa saruji hutoa matofali imara 30 hadi 35 ya inchi 6. Kwa hiyo inahitajika mifuko 50 hadi 58 kwa ajili ya kufyatua peke yake. Anayeahidi matofali 50 kwa mfuko mmoja anauza mchanga. Tofali lililofyatuliwa limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua saba, na zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Kuharakisha hatua hizo ni kununua udhaifu kwa bei ya uimara.

Katika mabati, namba kubwa humaanisha bati jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Saruji nayo haifai kununuliwa mapema kwa hofu ya bei kupanda, kwa kuwa hupoteza nguvu ikikaa ghalani zaidi ya miezi mitatu hivi. Kinachoweza kununuliwa mapema na kuhifadhiwa ni mabati, na nondo zikifunikwa zisipate unyevu.

Mkopo au mfuko wako?

Wengi hujenga kidogo kidogo kwa mshahara, SACCOS au VICOBA. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, lakini kwa kawaida hudai hati ya ardhi inayokubalika kama dhamana, na riba zake kwa miaka mingi zimekuwa katika asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Kihamba cha ukoo kwa kawaida hakifai kuwa dhamana, maana hakuna anayethubutu kukinunua endapo mkopaji atashindwa.

Mkopo wa Sh30 milioni kwa riba ya asilimia 16 na muda wa miaka 15 hulipwa kwa takriban Sh440,000 kila mwezi. Mwisho wa safari, mkopaji atakuwa amelipa kama Sh79 milioni. Anayeweka akiba kiasi hichohicho kila mwezi hufikisha Sh30 milioni katika muda usiofika miaka sita. Lakini katika muda huo ataendelea kulipa kodi ya pango, na bei za vifaa hazitamsubiri. Hivyo uamuzi hutegemea kodi anayolipa sasa na uhakika wa kipato chake, si fahari ya kumaliza haraka.

Hatari ya kujenga kidogo kidogo ni kusimama mahali pabaya. Kuta zisizo na paa hunyeshewa masika baada ya masika, na mbao zilizoachwa wazi huliwa na mchwa. Kwa sababu hiyo, kila awamu ipangwe iishie mahali salama: msingi na jamvi ni awamu moja, kuta, lenta na paa ni awamu moja isiyokatwa katikati. Asiye na fedha za kufikisha nyumba kwenye paa ni heri asubiri na kukusanya kuliko kuinua kuta.

Njia nyingine ni kuanza na banda la uani lenye vyumba viwili na choo, familia ikahamia humo na kuacha kulipa pango. Fedha iliyokuwa ya mwenye nyumba hugeuka kuwa saruji.

Afya isiachwe nje ya ramani

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika ukanda wa Lower Moshi uligundua kuwa kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi kuliko kijiji cha nyika, ingawa maambukizi ya malaria hayakuwa makubwa zaidi. Wavu madirishani, dari, na kuziba uwazi kati ya ukuta na paa ni sehemu ya nyumba, si mapambo ya baadaye.

Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo refu la choo hujaa maji na kuchafua kisima. Choo kikae mbali na kisima na upande ambao ardhi imeinama. Maji ya kisima yapimwe maabara, kwa kuwa madini ya floraidi, yanayoharibu meno na mifupa, hupatikana katika baadhi ya visima vya Kilimanjaro na Arusha. Kiwango kinachokubalika nchini sasa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Mwisho ni daftari. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika, kwa mkataba wa maandishi wenye mashahidi, na kila mfuko uingiao na utokao uandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mahali msemo huo unapotimia mapema zaidi ni penye ujenzi wa nyumba.

Kikao cha ukoo cha Desemba kitakapofika, kijana huyo asianze na picha ya nyumba aliyoiona mjini. Aanze na shimo la mita mbili, jina litakaloandikwa kwenye karatasi, na hesabu ya awamu inayoishia kwenye paa. Hayo yakijibiwa, mlimani au Chekereni, nyumba itakuwa imeanza kujengwa.