Anayelala Jua Likiwaka

Waliozoea kukesha kazini wanaijua saa kumi alfajiri. Mlinzi aliyeko getini hujikunyata kwa baridi hata kama ni Dar es Salaam, muuguzi husoma kipimo cha dawa mara mbili, na dereva wa basi hufungua dirisha apigwe na upepo. Huo si uvivu. Karibu na saa hizo joto la mwili hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa, na ubongo hupungua kasi hata kwa mtu aliyelala vizuri mchana wake.

Ajali kadhaa kubwa nazo zilitokea usiku. Kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, kiliharibika saa kumi alfajiri, Machi 28, 1979. Gesi ya sumu ilivuja Bhopal, India, usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984. Kinu kingine cha nyuklia, cha Chernobyl, kililipuka saa saba na dakika 23 usiku, Aprili 26, 1986. Kila ajali ilikuwa na vyanzo vyake, mitambo mibovu na maamuzi mabaya, lakini zote tatu ziliwakuta watu wa zamu wakitakiwa kufikiri upesi katika saa ambazo mwili unadai kitanda.

Mwili una saa yake. Imo ndani ya ubongo, kwenye kikundi cha seli zipatazo 20,000 kilichokaa juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na mwanga unaoingia machoni ndio unaoirekebisha kila siku. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza namna chembe za urithi zinavyoiendesha saa hiyo. Waliifumbua kwa kuchunguza vijinzi vinavyopenda matunda yaliyoiva.

Ndiyo maana anayesema "mimi nimeshazoea usiku" mara nyingi amezoea uchovu tu. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima, na mtu wa zamu anarudi nyumbani akiwa ndani ya mwanga huo. Saa ya mwili inaambiwa kuwa kumekucha wakati mwenyewe anatafuta mto.

Gharama yake huonekana polepole. Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo kuna uwezekano mkubwa yanasababisha saratani, kundi moja na nyama nyekundu. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi tu. Halisemi kwamba kila anayekesha ataugua. Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo navyo huwapata zaidi watu wa zamu.

Lakini wengi hawashindwi na usiku. Wanashindwa na mchana. Usingizi wa mchana kwa kawaida huwa mfupi, na katika nyumba ya kupanga unakatwa vipandevipande: redio ya jirani, watoto uani, muuza samaki anayenadi dirishani, bati linaloanza kuchemka saa nne. Kwa mwanamke mzigo ni mzito zaidi, kwani akitoka kazini anakuta ndoo ya nguo na jiko vinamsubiri, na akilala anaitwa mvivu. Hapa familia nzima inahusika. Usingizi wa mtu wa zamu ni sehemu ya kazi yake, na watu wa nyumbani wanapaswa kuulinda kama wanavyoulinda mshahara wake.

Afadhali alale mapema baada ya kufika nyumbani, kabla joto halijapanda. Pazia zito, au khanga mbili zilizowekwa pamoja dirishani, husaidia sana. Kitambaa machoni, pamba masikioni, simu imezimwa. Asipotimiza saa za kutosha, alale tena kidogo jioni kabla ya kuingia zamu.

Kahawa ni msaada, ila ina mwisho wake. Nusu ya nguvu yake huweza kubaki mwilini baada ya saa tano au sita, kwa hiyo kikombe cha saa tisa usiku bado kinamweka mtu macho saa mbili asubuhi. Anywe mapema. Kinachozidi kahawa ni usingizi wenyewe, hata mfupi: utafiti wa NASA kwa marubani wa safari ndefu ulionyesha kuwa waliopata usingizi wa wastani wa dakika 26 walikuwa macho zaidi kuliko wenzao. Akizinduka, apewe muda mang'amung'amu yaishe kabla ya kushika sindano au usukani.

Chakula nacho kina saa yake. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021, watu 19 waliishi maabarani kwa ratiba ya kukesha. Waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda. Waliokula mchana tu haikupanda. Basi mlo mkubwa uliwe kabla ya zamu, na chipsi za usiku wa manane zipishe tunda au uji mwepesi.

Safari ya kurudi ndiyo inayotisha. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa sawa na aliyekunywa pombe kwa kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza kuendesha. Mwenye pikipiki aiache, apande daladala.

Mwajiri naye ana wajibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inataka kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hapangwi usiku katika miezi miwili ya mwisho, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Aliyethibitishwa na daktari kuwa afya yake haiwezi usiku naye hapangwi. Mwenye kifafa, ambaye kukosa usingizi kunaweza kumwamshia degedege, au mwenye kisukari anayechoma insulini, aende kliniki na ratiba ya zamu zake mkononi, daktari ampangie dawa kwa saa anazokula na kulala kweli.