Nguzo za Mkunazini

Wiki hii, ndugu msomaji, nakutoa Dodoma hadi Unguja, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Njia si ngeni kwetu. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilikatiza hapa Ugogo, ikiwalipa watemi hongo ili ipite na kupata maji. (Hongo ya siku zile ilitolewa hadharani!) Wengi waliouzwa Unguja walitoka upande wa Nyasa, lakini wapo waliopita hapa.

Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa Juni 1873. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi papo hapo. Msimamizi alikuwa Edward Steere, baadaye askofu, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Paa lake la kuba ni la mawe ya matumbawe na saruji. Wapo waliodhani litaanguka. Husimuliwa kwamba aliporudi safarini alikuta nguzo zimesimamishwa kichwa chini. Akaziacha.

Nje, tangu miaka ya 1990, kuna sanamu za watu watano shimoni, minyororo shingoni. Watalii hupiga picha, wakaondoka. Mimi hubaki nikijiuliza ni wangapi waliopita Ugogo kwa miguu.