Mzizi wa Mswaki na Dawa Iliyomo

Leo twapenda kueleza habari za mti ambao jina lake hutajwa kila asubuhi, hata na watu wasiopata kuuona. Mti huo ni mswaki, nayo brashi ya meno inunuliwayo dukani imerithi jina lake. Huota katika nchi kame na zenye chumvi, toka Afrika mpaka Uarabuni na Bara Hindi, na mizizi yake imesafisha vinywa vya watu tangu zamani sana.

Wengi hudhani kwamba kazi ya mzizi huu ni kusugua tu, kama ufagio juu ya sakafu. Sivyo. Mwaka 2008 wataalamu huko Sweden walieleza jinsi walivyoweka vipande vya mswaki juu ya vijidudu vya kinywani pasipo kuvigusa, na bado vijidudu vikazuiliwa visistawi. Ikawa dhahiri kwamba mzizi hutoa mvuke wenye nguvu. Mwaka 2011 wakaitaja dawa yenyewe, benzili isothiosianeti, iliyo kali hasa kwa baadhi ya vijidudu viletavyo ugonjwa wa ufizi. Atafunaye mbegu za papai huonja ukali uo huo, maana dawa hiyo imo humo pia.

Yafaa tufahamu jinsi inavyotokea. Ndani ya mzizi mna vitu viwili vilivyotengwa: glukotropaeolini, isiyo na ukali huo, na kimeng'enya, yaani kitu kigeuzacho vingine. Meno yauvunjapo mzizi, viwili hivyo hukutana, na dawa huzaliwa papo hapo. Ndivyo mti ujikingavyo na wadudu waulao.

Basi twapata mafunzo matatu. Kwanza, ncha iliyokwisha kutumika ikatwe, itafunwe mpya, kwa kuwa mvuke hutoweka upesi. Pili, kiuacho vijidudu katika chombo cha wataalamu si lazima kiponye maradhi mwilini. Jino lililotoboka halizibwi na mzizi wowote. Mwenye maumivu na aende kwa daktari wa meno. Tatu, tukichimba, tutwae mizizi michache ya kando, kisha tufukie shimo. Achimbaye yote atawaachia wajukuu jina la mswaki pasipo mti wake.